Naomba ushauri: alamu ya nyumbani imezeeka, ning'oe yote au nibadili boksi lake la kuongozea tu?

Wakuu, habari za leo. Nyumba niliyonunua Mbezi nilikuta imefungwa alamu ya waya: sumaku milangoni za kujua mlango ukifunguliwa, sensa mbili za mwendo, king'ora nje. Siku hizi umeme ukikatika tu, inalia yenyewe. Juzi saa nane usiku jirani katoka na panga, kumbe hakuna mwizi. Nikaona aibu kweli.

Nimefungua boksi, nikakuta betri ya volti 12 imevimba ubavu kama andazi. Hiyo nabadili kesho. Shida ni hayo mengine. Fundi wa kwanza anasema ng'oa yote, weka zisizo na waya. Wa pili anasema waya na sumaku bado vizima, ninunue boksi jipya linaloingia laini ya simu, basi. Naegemea kwa huyu wa pili, maana ukuta nimeupaka rangi mwezi uliopita.

Mliofunga zisizo na waya, vibetri vya sensa vinadumu muda gani? Na nikiwa safarini, umeme na intaneti vikikata pamoja, alamu inanipigia simu kweli? Halafu kuna paka, analala sebuleni; sensa za mwendo hazitalia kwa ajili yake?