Nusu marathoni Kampala: kupanda naweza, kushuka ndiko kunaniua

MtotoWaKambi
Salaam ndugu zangu. Mimi ni bodaboda, siteji yangu Ntinda. Nimezaliwa kambi ya polisi Naguru, na kambini lugha ni Kiswahili, ndiyo maana nakiandika. Kiganda changu watu wanakicheka. Nimejiandikisha kilomita 21 za Novemba hapa Kampala, mara ya kwanza maishani. Zimebaki wiki sita.

Miaka 9 nabeba watu kwenye vilima hivi. Kutoka Lugogo kupanda Kololo ni gia ya pili kwa abiria mmoja, ya kwanza kwa wawili. Nilidhani mji naujua. Kumbe pikipiki ndiyo iliyokuwa inaujua.

Natoka Ntinda saa kumi na moja alfajiri, nashuka Nakawa, nashika barabara ya Jinja hadi Lugogo, napanda Kololo, nashuka barabara ya Acacia hadi Kamwokya, kisha Bukoto na nyumbani. Kama kilomita 12. Kupanda nahema kama mbuzi wa Idi lakini nafika. Shida ni Acacia. Viatu vinapiga lami pwaa, pwaa, na kesho yake sishuki ngazi bila kushika ukuta. Jumatatu nilishindwa kukanyaga breki ya nyuma sawasawa, abiria akaniuliza kama naumwa.

Viatu ni vya mitumba, nilivitoa soko la Owino kwa shilingi elfu sitini, soli bado nzima. Je, ni viatu, au ni miaka 34? Na siku yenyewe nile nini? Mimi asubuhi bila katogo, ndizi zetu za kupika kwa mchuzi, si mtu.

(Wenzangu siteji waliponiona kwa miguu walidhani pikipiki imechukuliwa na wakopeshaji. Mmoja akaanza kunichangia.)

DadaWaKapchorwa
Kaka, si viatu wala si uzee. Mimi nimekulia Kapchorwa, kule tambarare ni ya kutafuta. Ukishuka, paja ndilo breki. Msuli unavutika huku unakaza, nyuzi zake ndogo zinachanika, ndiyo maana maumivu hayaji siku ileile, yanakuja kesho na keshokutwa.

Nadhani pia unaegemea nyuma na kurusha mguu mbele. Hiyo pwaa pwaa ndiyo dalili yake. Fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, mwili uuelekeze mbele kidogo kuanzia vifundoni, kiatu kitue chini yako. Ukisikia kelele, unafunga breki.

Msuli huzoea, lakini kwa kufundishwa. Acacia mara moja kwa wiki, polepole, siku nyingine tafuta njia isiyo na mteremko mkali. Siku kumi za mwisho usiguse mteremko kabisa. Na paja likiwa bado linauma, usikimbilie kulijaribu.

MzeeWaNaguru
Mwanangu, kambi gani tena, ile ya juu au ya chini? Sisi wa polisi tuna deni la kukimbia. John Akii-Bua, Mganda mwenzetu, alikuwa askari polisi, na mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati ule. Wewe unaogopa Acacia!

Katogo kula, lakini iwe ya matoke na karanga, nusu sahani, masaa matatu kabla ya kuanza. Ya matumbo usithubutu. Mimi niliithubutu zamani, na nilipofika Wandegeya nilitafuta choo kwa machozi.

PolePoleJinja
Usianze kwa fujo. Jacob Kiplimo, mkimbiaji wa kwetu Uganda, alimaliza umbali huohuo kwa dakika 57 na sekunde 31, Lisbon, mwaka 2021. Wewe si yeye. Acha wakupite.

MtotoWaKambi
Ya chini, mzee, karibu na bomba la maji. Dada, asante, umenisema kama ulikuwa nyuma yangu. Leo nimeshuka kwa hatua fupi, kelele imepungua, ila najiona nakimbia kama mama mwenye gomesi, lile gauni refu la sherehe, aliyechelewa arusi.

MtotoWaKambi (baada ya wiki sita)
Nimemaliza. Saa 2 na dakika 24. Mvua ilinyesha usiku, lami ilikuwa inateleza, lakini miteremko yote nilishuka kwa hatua za gomesi na wengi walionipita kwa mbwembwe pale juu niliwakuta chini wameshika mapaja. Kucha moja ya mguu imekuwa nyeusi, viatu vya Owino vinabana mbele.

Kuna kitu kimoja tu cha aibu. Kwenye kilomita ya 17 hivi, miguu haina habari na mimi, mwanamke mmoja kando ya barabara akapaza sauti, "Boda! Wandegeya?" Nilisimama. Nikamwambia elfu tatu. Ndipo nikakumbuka sina pikipiki.