Mjadala: Malik Amin Aslam wa Pakistan, mwanamazingira kweli au siasa za miti tu?

Wakuu habari zenu. Juzi kati nilibishana na jamaa kuhusu huyu Malik Amin Aslam, yule mwanasiasa wa miti bilioni, jamaa anasema ni msanii kama wanasiasa wengine, mimi nikamkatalia nusu, nusu nikamwachia, sasa nauleta hapa tuuchambue.

Kwa wasiomjua, ni mtu wa Attock, Punjab, kaingia bungeni 2002, enzi za Rais Musharraf akawa waziri mdogo wa mazingira, baadae akaenda PTI, chama cha Imran Khan. PTI waliposhika mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa wakaanzisha mradi wa miti bilioni moja, 2014 hadi 2017, yeye ndo kichwa. Imran alivyokuwa waziri mkuu 2018 akambeba kama mshauri wa tabianchi, na bilioni moja ikageuka bilioni kumi nchi nzima.

Hapo kwenye bilioni ndo ugomvi. Nani kahesabu? Watu wakisikia hivyo wanapata picha ya majembe na miche, kumbe zaidi ya nusu ya ile ya kwanza haikupandwa na mtu, walifungia tu maeneo ya milimani, mbuzi wasiingie, wakata kuni wasiingie, wanakijiji wakalipwa kulinda (wanawaita nigahban) na msitu ukaota wenyewe. Wapinzani wakasema huo ni ujanja wa kujaza namba. Mimi naona hapo ndo alipopatia kuliko kote, visiki na mbegu vipo ardhini tayari, aliyekosekana ni wa kumzuia mbuzi! Alipoboronga ni kuunadi mradi kwa namba, maana ukishatangaza bilioni lazima uitafute, na mti wa chapchap ni mkaratusi, basi ikapandwa mikaratusi kibao, na wote humu tunajua mkaratusi unavyokunywa maji. Uchunguzi wa ufisadi ukafuata, Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikataka picha za satelaiti. Agosti mwaka huohuo kule eneo linaloitwa Bara, wilaya ya Khyber, watu waling'oa miche mchana kweupe kwa sababu ya mgogoro wa ardhi. Mpango ukitoka Islamabad na mwenye shamba hajaulizwa unategemea nini?

Karibuni.

---

Mkuu unamtetea mno. 2022 mafuriko yamegusa watu milioni 33, zaidi ya 1,700 wamekufa, hiyo miti ilikuwa wapi? Halafu Mei 2023 Imran kabanwa, huyo mtu wako kakitosa chama. Mazingira gani hayo, ni upepo tu unakovuma.

---

Kuhama chama sikubishii, hata mimi iliniudhi. Ila mafuriko unamwonea bure, mkoa wa Sindh ndo ulizama vibaya, kule kusini tambarare, na miti ya Khyber Pakhtunkhwa iko kaskazini milimani, yenyewe bado michanga, mvua ile hata msitu wa miaka mia usingeimeza. Tena Pakistan inachangia chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, ndo maana Sherry Rehman wa chama cha PPP, aliyeshika wizara ya tabianchi 2022, alienda mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, kudai nchi tajiri zitoe fidia badala ya kuhesabu miche. Ukitaka kumbana Aslam mbane kwenye hili: wale nigahban, mradi ulivyoisha na serikali ikabadilika, nani anawalipa?