Nina CCNA na niko kwa mtoa huduma wa intaneti: ubobezi gani ufuate?

mnara_wa_tatu
Wakuu, habari za kazi. Nina CCNA (cheti cha Cisco cha ufundi wa mitandao), imebaki miezi 14 iishe muda. Niko upande wa ufundi kwa mtoa huduma mdogo wa intaneti. Minarani ni ruta za MikroTik tupu zinazoongea OSPF (itifaki ya kupanga njia ndani ya mtandao mmoja), na pale intaneti inapoingilia kuna ruta 2 za Cisco zinazopokea BGP (itifaki ya kupanga njia kati ya mitandao tofauti) kutoka kwa watoa huduma 2 wakubwa. Nataka kupanda hadi CCNP (cheti kinachofuata juu yake) ila nimesimama njia panda: Enterprise, Service Provider au Security? Uwezo wangu ni kulipia mtihani mmoja kila miezi 6 hivi, na kompyuta ya mazoezi ina RAM ya GB 16. Nianze na upi, na nikikosea kuchagua nitapoteza nini?

njia_fupi
Hutapoteza kikubwa, mkuu. Tangu Februari 2020 CCNP ni mitihani 2 tu: mmoja wa msingi, mmoja wa ubobezi unaouchagua mwenyewe ndani ya mkondo huo. Unaanza na wowote. Kila mmoja ukiufaulu unapewa cheti chake cha Specialist kinachodumu miaka 3, na hata kama ni mmoja tu, CCNA yako inahuishwa papo hapo. Kwa hiyo ndani ya hiyo miezi 14 unahitaji kufaulu karatasi moja. Chunga kitu kimoja: ya pili uifaulu kabla ya ya kwanza kuisha muda, la sivyo CCNP haipatikani na ile ya kwanza unairudia.

Gharama: msingi dola 400 kwa dakika 120, ubobezi dola 300 kwa dakika 90, kabla ya kodi.

Mimi ningekuelekeza ENCOR (350-401), mtihani wa msingi wa Enterprise, halafu ENARSI (300-410), ubobezi wake wa kupanga njia. Ila ujue mtego wa ENCOR ni upana wake. Miundombinu, yaani swichi, OSPF, BGP na mitandao isiyo na waya, ni 30% tu kwenye toleo la 1.1. Usalama 20%, usanifu 15%, otomesheni 15%, na 20% iliyobaki ni mitandao pepe (virtualization) na ufuatiliaji. Fundi wa minara anayejua OSPF hata usingizini anaweza kuangushwa na JSON (muundo wa data wa otomesheni), LISP na VXLAN (teknolojia za mitandao pepe) ambazo hajawahi kuzigusa kazini. Tenga theluthi nzima ya muda wako kwa hizo.

ENARSI ndiyo iliyo karibu na mikono yako. 35% yake ni itifaki za kupanga njia, na humo swali lenyewe hasa ni kutafuta kosa. Mfano wa kawaida: ruta 2 zote zinahamisha njia kutoka EIGRP (itifaki ya kupanga njia iliyoanzia Cisco) kwenda OSPF. Njia iliyoingia EIGRP kutoka nje ina umbali wa kiutawala (kipimo cha kuaminika, kidogo ndicho bora) wa 170. Ruta ya kwanza ikiimwaga ndani ya OSPF, ruta ya pili inaipokea kwa 110, inaona hii ndiyo bora, inaacha njia yake halali na kuanza kutuma trafiki kinyumenyume. Dawa ni kuweka tagi pale njia inapohamishwa, na ruta ya pili ikatae chochote chenye tagi hiyo. Ukiweza kulijenga tatizo hili na kulimaliza bila kutazama maelezo, uko tayari kwa sehemu hiyo.

faiba_na_lebo
Naheshimu maoni ya njia_fupi, lakini kwa mtu anayekula mkate wa BGP mimi natetea Service Provider: mtihani wa msingi SPCOR (350-501), kisha ubobezi wa SPRI (300-510). SPCOR imejaa vitu utakavyoulizwa siku mtandao wenu ukikua: MPLS na Segment Routing (teknolojia za kuongoza paketi kwenye njia zilizopangwa) peke yake ni 20%, na BGP, OSPF na IS-IS ziko kwenye sehemu kubwa kuliko zote, ya 30%.

Kinachowakwamisha watu ni IOS XR, mfumo wa ruta kubwa za Cisco. Ina tabia zake kabisa, na tatu hizi zinamaliza masaa:

Konfigi haifanyi kazi hadi uandike `commit`.

Jirani wa eBGP (BGP na mtandao wa nje) asiye na `route-policy` (sera ya njia) ya kuingia na ya kutoka hapokei wala hatangaziwi njia yoyote. Kikao kinaonekana kiko hewani vizuri, unahangaika na kebo na anwani, kumbe kwenye `show bgp summary` pameandikwa `0!`. Hiyo alama ya mshangao ndiyo inayokuambia sera haipo.

MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya intafesi kwenye XR inahesabu pia kichwa cha Ethernet cha baiti 14. Kawaida yake ni 1514, sawa na 1500 ya IOS ya kawaida. Ukiandika `mtu 1500` kwa kufuata mazoea, IP inabakiwa na 1486, na OSPF haifiki FULL (ujirani kamili) na jirani aliye kwenye 1500.

Security ningeiacha kwa sasa. Ubobezi wa fayawoli ufuate chapa ambayo mteja wako ameinunua, na wewe bado huna mteja huyo.

nodi_tano
Kabla hamjamchagulia, tazameni ile RAM ya GB 16, maana hiyo ndiyo itakayoamua. Ruta pepe ya IOSv inakula takriban MB 512, kwa hiyo topolojia ya ENARSI yenye ruta 8 inakaa vizuri. Catalyst 8000V inataka GB 4 kila moja; ukiwasha 3 mashine inaanza kukwama. XRv 9000 moja, ruta pepe ya IOS XR, inaweza kumeza mashine nzima. Ukienda mkondo wa faiba_na_lebo, tumia XRd, ambayo ni IOS XR ndani ya kontena na ni nyepesi zaidi, au mazingira ya bure ya mtandaoni ya DevNet ya Cisco.

CML, programu ya Cisco ya maabara pepe, ina toleo la bure la nodi 5, na faili zake za mifumo ni halali. Upande wa MikroTik pakua CHR, ruta yao pepe. Leseni ya bure inabana kila intafesi kwenye Mbps 1. Inatosha kabisa kujifunza OSPF na BGP, ila usiitumie kupima kasi wala foleni.

mnara_wa_tatu
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Vyeti vya MikroTik vina nafasi gani hapo katikati? Na nina kiungo cha MikroTik na Cisco kinachobaki EXSTART (hatua ya OSPF kabla ya kubadilishana hifadhidata) hadi niweke `ip ospf mtu-ignore`. Hilo linafundishwa karatasi ipi?

njia_fupi
Hilo ni la ENARSI, na hiyo amri iondoe leo, ndugu. Hello, salamu ya OSPF, ni paketi ndogo na haibebi MTU, ndiyo maana majirani wanaonana. Inayobeba MTU ni paketi ya muhtasari wa hifadhidata. Mwenye MTU ndogo akiona ya mwenzake ni kubwa kuliko yake anaikataa, na hapo mnakwama. Kwa `mtu-ignore` umezima ukaguzi, ila tofauti bado ipo. Siku hifadhidata ikikua na paketi kubwa ikadondoka njiani, jirani ataanguka bila sababu unayoiona. Pima kwa ping ya baiti 1500 yenye alama ya kutokatwakatwa. Isipopita, shusha hadi ipite, kisha weka thamani hiyo pande zote mbili.

faiba_na_lebo
Kuhusu MikroTik: mlango ni cheti cha MTCNA, kisha MTCRE inayogusa njia za mkono, OSPF na VPN. BGP na MPLS ziko MTCINE, na huwezi kuifanya bila MTCRE. Vyote ni vya miaka 3. Ukiwa na bajeti ya mtihani mmoja kwa miezi 6, fanya MTCNA na MTCRE pale tu mwajiri akilipa darasa. Pesa yako mwenyewe ipeleke kwenye ubobezi wa Cisco, maana ndio unaohuisha CCNA.

Na kama mna mpango wa kuunganishwa kwenye kituo cha kubadilishana trafiki kama TIX (Tanzania) au KIXP (Kenya), weka hili kwenye mazoezi yako: seva ya njia (inayogawa njia za wanachama kituoni) haijiandiki kwenye AS-path (orodha ya namba za mitandao, yaani AS, ambazo njia imepitia), na IOS kwa kawaida inakataa tangazo ambalo AS ya kwanza si ya jirani. Unahitaji `no bgp enforce-first-as`.

nodi_tano
Basi kwa mashine hiyo, anza na ENARSI kwa kuwa ndiyo kazi yako ya kila siku na inaokoa CCNA, ENCOR ifuate miezi 6 hadi 9 baadaye. SPCOR utaiongeza ukishapata RAM ya GB 32. Siku ya mtihani nenda kituoni badala ya kufanyia nyumbani, umeme ukikatika katikati ni shida juu ya shida. Hakuna kurudi kwenye swali ulilopita, kwa hiyo kwenye maswali ya vitendo hifadhi konfigi kabla ya kubonyeza kuendelea. Ukianguka, unasubiri siku 5 ndipo urudie, na ada ni ileile nzima.