Mjadala: Mstari wa 0.05 ufutwe kwenye tasnifu za vyuo vyetu?

Mdau wa Mzumbe: Wakuu, naomba tulijadili hili. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko kwamba uamuzi wa kisayansi usitegemee tu kama thamani ya p imevuka mstari fulani. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata data kama hii au iliyo mbali zaidi, kama kweli hakuna tofauti; kwa desturi ikiwa chini ya 0.05 ndipo matokeo huitwa "yana maana kitakwimu". Mwaka 2019 watu zaidi ya 800 wakaunga mkono makala kwenye jarida la Nature iliyotaka lugha ya "ina maana kitakwimu" iachwe. Huku kwetu mwanafunzi akipata 0.06 anaambiwa hana matokeo, arudi uwandani. Mnasemaje?

Kipimo Sahihi: Usifutwe. P ikiwa 0.03 maana yake nadharia tete yako ni kweli kwa asilimia 97. Mnataka nini zaidi? Tatizo si mstari, tatizo ni wanafunzi wanaopeleka data kwa kijana wa SPSS (programu ya kuchambua takwimu) pale stesheneri, wanarudi na majedwali wasiyoweza kuyasoma.

Fundi wa Data: Kaka, mimi ndiye huyo kijana wa SPSS. Kazi hii inanilipia kodi ya nyumba. Wanaokuja kwangu wamefundishwa takwimu muhula mmoja, darasa la watu mia tatu, kompyuta hawajagusa. Msimamizi hajibu simu. Ulitaka waende wapi? Na usinitukane, mimi nawaeleza kila jedwali.

Kipimo Sahihi: Sijakutukana. Nimesema wanalipia kazi ambayo cheti kinasema wameifanya wao. Huo ni udanganyifu.

Mama Asha: Mbona wahadhiri nao wanapeleka? Semeni yote.

Nyuzijoto: Kabla hamjafika mbali, ile asilimia 97 haiwezi kupita hivihivi. Chukueni joto la mwili. Wunderlich, daktari wa Leipzig, mwaka 1868 alitangaza nyuzi 37 za Selsiasi baada ya kupima wagonjwa wengi sana. Mwaka 1992 Mackowiak na wenzake walipima watu wazima 148 wenye afya, wastani ukatoka 36.8, na vipimo vimetawanyika kwa takriban 0.4. Sasa tunajiuliza: kama wastani wa watu wote kweli ni 37, ni mara ngapi sampuli ya watu 148 itaangukia mbali kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu? Gawa 0.4 kwa kipeuo cha pili cha 148, unapata 0.033: ndicho kiasi ambacho wastani wa sampuli huyumba kwa bahati tu. Tofauti ya 0.2 ni kama mara sita ya hapo. P inakuwa ndogo mno. Lakini hesabu yote imeanza kwa *kudhani* 37 ni sahihi. Haiwezi tena kukupa uwezekano wa 37 kuwa sahihi, sembuse wa nadharia yako.

Kipimo Sahihi: Kwa hiyo 37 imekataliwa. Mstari umefanya kazi. Ahsante kwa kunisaidia.

Nyuzijoto: Sasa pima watu 9 badala ya 148. Wastani uleule 36.8, mtawanyiko uleule 0.4. P inakuwa kama 0.17. Mwanafunzi wako angeandika "hakuna tofauti", na tofauti ni ileile ya 0.2! Kilichobadilika ni idadi ya watu tu. Nani amewahi kumuuliza mwanafunzi kama hiyo 0.2 ina uzito wowote wodini?

Muuguzi Tabora: Wodini haina. Hatumtibu mtu kwa 0.2. Halafu Wunderlich alipima kwapani, hao wengine mdomoni. Mnalinganisha nini?

Fundi wa Data: Safi sana dada. Swali hilo hakuna programu inayolijibu. Ndiyo maana nasema msitubebeshe sisi lawama.

Kipimo Sahihi: Unarudi kulekule. Sema ukweli: mteja akikuletea 0.06 unamfanyia nini?

Fundi wa Data: Namwachia 0.06 yake. Wapo wanaofuta wahojiwa wawili watatu mpaka ishuke, nawajua. Mimi sifanyi. Nimepoteza wateja kwa hilo na sijutii.

Mama Asha: Binti yangu aliambiwa na msimamizi aongeze dodoso kidogokidogo, akipima kila baada ya hamsini, mpaka p ishuke chini ya 0.05. Tumekopa nauli ya kwenda vijijini. Hiyo ni halali?

Nyuzijoto: Si halali, mama. Ukipima, ukaongeza, ukapima tena, ukasimama siku ulipopata ulichotaka, ile nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo haibaki 5, inapanda kila unapochungulia. Idadi ya sampuli hupangwa kabla.

Kipimo Sahihi: Huyo msimamizi ni mvivu, si kosa la 0.05.

Mdau wa Mzumbe: Ni kosa la 0.05 ikiwa ndiyo mlango pekee wa kuhitimu! Kama angeruhusiwa kuandika wastani wake, masafa yanayoonyesha unaweza kuwa kati ya wapi na wapi, na p yoyote iliyotoka, nani angemtuma binti wa watu vijijini mara ya pili?

Kipimo Sahihi: Na nani atamzuia kuandika chochote kisha akaita ni utafiti?

Mama Asha: Nyinyi bishaneni. Nyuzijoto, naomba uniandikie hilo la kuchungulia vizuri, kwa maneno ya kitaalamu. Jumatatu naenda naye ofisini kwa mkuu wa idara.