Usiweke alama bado

Mjomba Hamisi 19:42
Habari za jioni wanangu. Daftari langu la kuzipa albamu zangu alama limefika albamu ya 61 kati ya 143. Ya leo ni What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Nimeisikiliza mara tatu tangu Ijumaa. Alama 10 kati ya 10. Ni ya pili kupata 10 tangu nianze.

Kassim 19:44
Shikamoo Mjomba

Kassim 19:44
Mimi hiyo ningeipa 6. Niliisikiliza jana kwenye simu, nyimbo zinaanza kama zimekatwa kichwa

Mjomba Hamisi 19:46
Marahaba. Ulizifuata kwa mpangilio wake, au simu ilikuwa inazichanganya?

Kassim 19:46
Ilikuwa inachanganya

Mjomba Hamisi 19:50
Basi albamu bado hujaisikia. Nyimbo za upande wa kwanza wa santuri zimeungana: mmoja haujatulia, unaofuata umeshaingia. Ukizichanganya unapata mkia wa huu na kichwa cha ule. Irudie tangu mwanzo, usiruke kitu, halafu uniambie. Ukibaki na 6 yako nitaiandika daftarini pembeni ya yangu.

Kassim 19:51
Sawa, nitaianza saa tatu

Zuhura 19:58
Shikamoo Mjomba. Mimi natumia hesabu. Kila wimbo naupa alama yake, mwishoni najumlisha na kugawa. Naona inapunguza upendeleo, maana wimbo mmoja ninaoupenda sana hauwezi kuibeba albamu nzima.

Mjomba Hamisi 20:07
Marahaba mwanangu. Nilianza hivyohivyo, nikakwama kwa Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria. Zombie, ile santuri ya mwanzo, ina nyimbo mbili tu, kila upande wimbo mmoja. Unagawa nini kwa nini hapo? Na kuna kingine. Albamu nyingi zina kipande kifupi katikati, dakika moja hivi, kinanda peke yake au sauti tu. Ukikipima peke yake utakipa 4. Sasa kiondoe, usikie wimbo unaofuata unavyopoa. Hesabu yako inakihesabu kama mzigo wakati chenyewe ndicho kilichokuandaa.

Zuhura 20:09
Hilo la kipande kifupi sikuliwaza. Nina albamu mbili nilizozishusha kwa sababu hiyohiyo

Zuhura 20:10
Lakini bila hesabu unajuaje kwamba 7 ya mwezi uliopita ni sawa na 7 ya leo?

Mjomba Hamisi 20:19
Swali zuri, limenisumbua sana. Nimeweka albamu tano za kupimia, ninazozijua hadi pumzi ya mwimbaji. Moja ni 9, moja 8, zinashuka hivyo hadi 5. Albamu mpya naiuliza: ungekaa karibu na ipi? Kisha najiuliza mambo matatu. Upande wa kwanza ulipoisha, niliinuka kugeuza kwa hamu? Wapi mkono ulitaka kuruka? Na kesho yake asubuhi, kabla sijawasha chochote, nini kilibaki kichwani? Hilo la tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote. Zipo albamu zilizonifurahisha usiku na asubuhi sikumbuki hata wimbo mmoja.

Mjomba Hamisi 20:21
Na kitufe cha sauti nakiacha palepale. Sauti ikiwa chini, sikio husikia besi kwa udhaifu. Ukiipandisha, muziki uleule unajaa, unaonekana bora. Matoleo mengi ya CD yaliyorudiwa yametengenezwa kwa sauti kubwa kuliko ya zamani, kwa hiyo ukiyalinganisha bila kusawazisha, la kelele litashinda kila mara.

Kassim 20:24
Mjomba 10 ya kwanza ni ipi?

Mjomba Hamisi 20:31
Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Ninayo mara mbili, santuri ya zamani na CD. Kwa miaka nilidhani kicheza santuri changu kina kasoro, maana noti za upande wa kwanza zilikuwa juu kidogo kuliko za CD. Kumbe mashine ya kurekodia siku ile ilizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo nyimbo 3 za upande wa kwanza zilipochapishwa zikatoka na kasi iliyozidi kidogo. Ilisahihishwa katika toleo la 1992. Nimeandika alama mbili: CD 10, santuri 10. Ile iliyozidi kasi ndiyo niliyojifunzia kusikiliza, siwezi kuipunguzia.

Zuhura 20:33
Kwa hiyo unaandika na aina ya nakala?

Mjomba Hamisi 20:41
Lazima. Santuri ya inchi 12 inabeba dakika 22 hivi kila upande. Waliopanga nyimbo walijua utasimama katikati, hivyo upande wa pili nao ulihitaji mlango wake. Halafu sindano ikiwa ukingoni mwa santuri, mfereji unapita chini yake karibu sentimita 50 kwa sekunde. Ikikaribia katikati ni kama 20 tu, na sauti kali huanza kukwaruza. Ndiyo maana mara nyingi utakuta wimbo wa mwisho wa upande ni wa polepole. CD ilipokuja 1982 na dakika zake 74, ule usimamaji ukaondoka. Wengine wakajaza nafasi yote. Nina CD kadhaa ambazo zingepata 8 kama zingeishia dakika ya 45. Zimepata 6.

Mama Mdogo Asha 20:48
Kaka, nimekuwa nikiwasoma kimya. Songs in the Key of Life umeshaipa ngapi?

Mjomba Hamisi 20:50
Ndiyo ya kesho, ya 62. Stevie Wonder, 1976, santuri mbili kubwa. Nimekwisha kuzifuta vumbi

Mama Mdogo Asha 20:51
Na ile santuri ndogo iliyokuja nazo?

Mjomba Hamisi 20:53
Ile ya nyimbo nne haimo kwenye jalada. Nimeitafuta kila mahali. Nilikuwa niandike "haijakamilika" na kuipima kwa nyimbo 17 zilizopo

Mama Mdogo Asha 20:54
[picha]

Mama Mdogo Asha 20:55
Ninayo mimi, Kaka. Uliniazima tulipokuwa bado nyumbani kwa Mama, nikahama nayo ndani ya vitabu. Haina mkwaruzo hata mmoja. Nisamehe

Mjomba Hamisi 20:57
Asha! Miaka yote hii najilaumu kwamba niliipoteza mimi

Mama Mdogo Asha 20:58
Usiweke alama bado. Jumamosi naileta, tusikilize zote tatu pamoja

Zuhura 20:59
Na mimi naja. Nitaacha hesabu yangu nyumbani

Mjomba Hamisi 21:00
Njooni wote. Kesho naruka hadi ya 63, hiyo ya 62 naiachia ukurasa mtupu

Kassim 21:22
Mjomba upande wa kwanza umeisha. Sikugusa simu. Naendelea na wa pili, nitakuambia