Naomba ushauri: faili za wanafunzi zinabadilisha wamiliki

MwalimuKisumu: Hamjambo wote. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja hapa Kisumu. Tuna kompyuta 18 za Ubuntu na seva inayogawa folda ya kazi kwa NFS, mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao. Msichana akihifadhi mradi wake kwenye mashine ya 6, mwenzake aliye kwenye mashine ya 11 anaukuta una jina lake yeye, na anaweza kuufuta. Hii ni miradi ya mtihani wa KCSE, nami silali. Je, ninunue seva mpya?

FundiWaKondele: Mwalimu, seva haina kosa. NFS ya kawaida haiulizi jina. Inafuata namba ya mtumiaji, na Ubuntu humpa wa kwanza 1000, wa pili 1001, ikaendelea hivyo. Akaunti ulizifungua vipi?

MwalimuKisumu: Kwa mkono, mashine moja moja, nikifuata rejista.

BintiKakamega: Sisi tulihamia LDAP (orodha moja ya akaunti kwa mashine zote) na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia), tukafurahi mpaka stima ilipopotea. Mashine zenye betri kuukuu ziliwaka na saa ya miaka iliyopita, na hakuna aliyeweza kuingia, kwa sababu Kerberos kwa kawaida hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Sawazisha saa kwa chrony kwanza, mwalimu.

MzeeWaNakuru: Kazi ya mtoto ni amana. Hata hivyo, kama rejista ilikuwa moja, namba zingelingana kila mahali. Nashuku hili ni swali la mtihani wa chuo lililovishwa sare ya shule.

MwalimuKisumu: Mzee, si la kubuni. Sikueleza kwamba mashine 9 nilizikuta zimeshafunguliwa akaunti na aliyenitangulia, kwa mpangilio wake. Wanafunzi waliohama mashine walipoanza kunyimwa faili zao wenyewe, niliipa folda yote ruhusa ya 777 na kuweka no_root_squash. Darasa zima lilikuwa limesimama mlangoni likisubiri, na tangu siku hiyo hakuna aliyefungiwa nje.

FundiWaKondele: Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Kwa 777 yeyote anafuta chochote, na kwa no_root_squash anayejua nywila ya msimamizi wa mashine moja anaitawala folda nzima. Chukua nakala kwanza, kisha weka akaunti zote kwenye LDAP, uziunganishe mashine kwa SSSD ili kila mwanafunzi awe na namba moja kote, halafu urekebishe umiliki wa faili za zamani kwa chown. Lakini kabla ya yote, andika ls -ln, amri inayoonyesha namba ya mwenye faili, utuambie unaona nini.

MwalimuKisumu: Faili ina 1007. Kwenye mashine ya 6 namba hiyo ni ya msichana mwenye mradi; kwenye ya 11 ni ya jirani yake. Nimeondoa no_root_squash, nikaandika exportfs -ra ili seva isome mipangilio upya, na sasa nanakili folda kwenye diski ya nje. Ikimaliza, 777 inaondoka usiku huu. Dada wa Kakamega, betri hizo za saa ni zile za duara, CR2032?

BintiKakamega: Ndizo hizo, mwalimu. Nunua 18.