Mrejesho: zile sarafu zenye kutu ya kijani

Niaje wasee, ni mimi yule wa wiki tatu zilizopita, niliokota sarafu 6 na ditekta, ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, huku Dagoretti kwa shamba la shosho, nikauliza nitazisafisha na nini. Wengi mlisema siki, mmoja akasema wee usithubutu, loweka kwa maji ya distildi yale ya kuongeza kwa betri.

Nikajaribu njia zote mbili, sarafu moja kila njia. Ile ya siki, nilitia na chumvi, ilitoka kijani ndani ya dakika chache lakini sasa ina rangi ya waridi kama imemenywa ngozi, na vidoti vidoti vya kuliwa na kutu. Imeharibika hiyo, najilaumu.

Ya maji nilikuwa nabadilisha kila siku mbili, halafu nasukuma uchafu polepole na tuthpiki, mkono unauma lakini taratibu pembe za ndovu zikaanza kuonekana pande zote za tundu la katikati, kisha EAST AFRICA, kisha 1952! Senti 10 ya King George. Shosho akaishika akacheka, eti zamani watu walikuwa wanazifunga kwa kamba kupitia hilo tundu.

Zilizobaki 4 ziko bado kwa maji, siki sigusi tena. Asante yule wa distildi.